Yamekuelea?

Somo: Matendo 8:26–31

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeshikwa na swali la Filipo kwa yule towashi wa Kushi: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?"

Mimi ni mtoto wa 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa Kenya. Shule ya msingi nilisomea Maseno, na kila asubuhi nilikipita kile kibao cha ikweta kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, pale wageni wanaposhuka kupigwa picha. Ungeniuliza ikweta ni nini, ningekujibu hujamaliza swali: "Ni mstari wa kubuniwa unaoigawa dunia sehemu mbili sawa." Nikapata tiki yangu. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ukiacha insha ilitaka A, B, C au D tu, nami nilipita vizuri. Hapo ndipo shida ilipokuwa, maana aliyepita haulizwi kama ameelewa.

Mwaka huu nimerudi huko huko kwa mazoezi ya ualimu. Tarehe 20 Machi nikawatoa Gredi ya Sita uwanjani, tukasimamisha mpini wa jembe ardhini. Niliwaahidi kwamba leo jua liko juu ya ikweta, kwa hiyo ikigonga saa sita kivuli kitaisha. Saa sita ikagonga. Kivuli kipo, kimelala upande wa magharibi, urefu wa shubiri nzima.

"Mwalimu, labda jua limechelewa," msichana mmoja akasema. Wenzake wakacheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema mpini umepinda (haukupinda), nikajisikia nikisema, "Sijui. Tukae tuangalie."

Kengele ya chakula ikalia, nusu yao wakakimbilia githeri. Tuliobaki tulichuchumaa. Yapata saa saba kasoro dakika kumi kivuli kikanywea, kikaingia chini ya mpini, kikapotea. Kelele zake! Walimu walitoka ofisini.

Usiku nikakaa na ramani. Saa ya Kenya inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti kwetu, uko Somalia. Maseno iko nyuzi 34 na ushei, na jua huchukua dakika nne kwa kila nyuzi moja. Msichana alisema kweli: kwetu, jua huchelewa.

Sasa mtazame towashi. Amewekwa juu ya hazina yote ya Kandake, malkia wa Kushi. Kwa lugha yetu ni Waziri wa Fedha ndani ya gari la serikali. Anatokea mtu wa miguu, anamuuliza kama anaelewa anachosoma. Sisi wa vyuo vikuu tungeudhika. Yeye akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" kisha akamsihi Filipo apande aketi naye.

Zaburi 23 naimaliza kwa pumzi mbili. Juzi nikaisoma polepole, nikakwama: "Gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Mbona viwili? Nikampigia babu simu, maana amechunga ng'ombe tangu utotoni. Akacheka. Gongo ni la fisi, akasema, fimbo ni ya kumrudisha ndama anayetoka njiani. Ukienda na kimoja, utarudi na hasara.

Hiyo zaburi nimeikariri sebuleni kwake tangu nikiwa na miaka sita, yeye akinipigia makofi. Hata siku moja sikumuuliza.