Fuko asiye na manyoya anavyoishi kwa joto la ardhi

Kama ushawahi kupita njia za vumbi kule Mtito Andei asubuhi mapema, jua halijakolea, pengine umeona vichuguu vidogo vimejipanga mstari na kimoja kinarusha mchanga. Simama kidogo, usipige hatua maana anasikia mtetemo wa miguu. Utaona mchanga unatoka kwa vishindo, teke baada ya teke, udongo wenye unyevu na mweusi kuliko ule uliokauka pembeni, halafu kimya, halafu unaanza tena. Huyo ni fuko asiye na manyoya, yeye na wenzake wanachimba kwa meno na wa mwisho kwenye foleni ndo anautupa nje kwa miguu ya nyuma. Wako Kenya, Ethiopia, Somalia na Djibouti, na mimi naona ni mmoja wa wanyama wa ajabu kabisa tulio nao ila watu wetu wengi hawamjui.

Mambo yake ni mengi lakini mimi kinachonishika ni joto la mwili. Sisi wanyama tunaonyonyesha, mtu, ng'ombe, hata panya wa jikoni, tunakaa kwenye nyuzi 37 hivi iwe uko Limuru kwenye baridi au Lodwar kwenye jua kali, na gharama yake ni chakula, yaani sehemu kubwa ya tunachokula inaishia kuwa joto tu. Huyu fuko hayuko hivyo. Mwili wake uko kwenye nyuzi 32 hivi, hana manyoya ya kumkinga, hana mafuta ya maana chini ya ngozi, na ukimweka peke yake mahali pa baridi anapoa pamoja na hewa. Mwaka 1991 watafiti Rochelle Buffenstein na Shlomo Yahav walichapisha matokeo yao, waliwapima kwenye joto la nyuzi 12 mpaka 37 na joto la mwili likawa linapanda na kushuka pamoja na la hewa, karibu kabisa kama mjusi!

Sasa mtu atauliza anaishije. Kule chini anakoishi hakuna baridi ya kumsumbua, mashimo yamezibwa, hewa ina unyevu, na chumba cha kulala kinakaa kwenye nyuzi 30 hivi usiku na mchana. Akihisi baridi anapanda kwenye njia za juu karibu na uso wa ardhi, zile zinazopigwa na jua, anajilaza pale ngozi ikinyonya joto la udongo kisha anarudi chini. Akichimba mpaka mwili ukachemka, ngozi ileile tupu inatoa joto haraka, na ni vizuri kwa sababu hana hata tezi za jasho. Na wakiwa chumbani wanalala wamepandana, kundi la kama 70 au 80 hivi, mengine yanafika karibu 300, wadogo kwa wakubwa, malkia, yaani jike anayezalia kundi zima, akiwa humohumo, joto la mmoja linaingia kwa mwingine.

Na hii kubana matumizi ina sababu yake, chakula chao ni mizizi minene iliyotawanyika ardhini na wanaitafuta kwa kuchimba bila kuona, kwenye udongo ambao kiangazi unakuwa mgumu kama saruji. Mnyama wa gramu 30 na kitu hawezi kuchimba hivyo na wakati huohuo apashe mwili kama panya wa nje, asingeshiba kamwe.

Ndo maana sipendi wanaposema eti ni mnyama wa damu baridi basi, kama vile mwili wake umeshindwa kazi. Ana mafuta ya kahawia katikati ya mabega, yale yanayochomwa ili kutoa joto, na anaweza kabisa kujitengenezea joto, tatizo ni kwamba kwa ngozi ile linapotea upesi. Kwa hiyo kazi kubwa ameiachia ardhi na ndugu zake.