Leta Vitatu

Shule zetu Uganda zilifungwa Machi 2020, na za chekechea hazikufunguliwa hadi Januari 2022. Katikati ya kipindi hicho mimi, mwalimu wa chekechea, nilikuwa nakaanga mandazi ya kuuza katika kambi moja ya polisi mjini Kampala, mlangoni pa kile kijumba cha bati tunachokiita mama-ingia-pole. Jina lenyewe linakueleza mlango ulivyo mfupi.

Jumamosi moja ya 2021 mvua ilimkimbiza Nalongo kwangu na wanawe wote: Wasswa na Kato, mapacha wa miaka mitatu na nusu, na Kizza aliyewafuata, wa miezi kumi. Hata hajakaa vizuri mkekani: "Mwalimu, hawa wanahesabu mpaka ishirini! Kato, hebu mhesabie mwalimu."

Kato akahesabu mbio mbio, akaruka kumi na tano, akamalizia "ishiriiini" mikono juu. Nikampigia makofi, maana kushika majina kwa mpangilio nako ni kazi. Kisha nikamsogezea bakuli la vizibo vya soda, kama kumi na vitano hivi.

"Kato, niletee vizibo vitatu."

Akachota kiganja kimejaa. Vilikuwa saba. Nikadhani labda ngeli imemchanganya, kwa sababu Kiswahili chetu cha kambini hakijui "vitatu" wala "watatu". Kwetu kila kitu ni tatu, na wapwani wacheke wanavyotaka. Nikarudia: "Vizibo tatu." Akachota kiganja kingine. Nikamwambia avihesabu. Kidole kikaenda polepole, mdomo ukakimbia, kizibo kimoja kikapata majina mawili, akafika tisa. "Kwa hiyo ni ngapi?" Badala ya kujibu akaanza upya: moja, mbili, tatu...

Uso wa Nalongo ulianguka. "Kumbe hajui?"

Anajua wimbo, nikamwambia. Sasa ajue kwamba kila kitu kinapata neno moja tu, kwamba hakuna kinachorukwa, na kwamba neno la mwisho ni la vyote kwa pamoja. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mtoto huelewa moja, akakaa nayo miezi kadhaa, ndipo aelewe mbili, kisha tatu. Safari hiyo hadi nne huweza kumaliza mwaka au zaidi, na wimbo wa ishirini hauifupishi.

Nilikuwa na trei tupu ya mayai, ile ya thelathini. Nikakata kipande chenye vishimo vitatu mstari mmoja, nikaondoa vizibo vyote nikabakiza vitano. Sheria ilikuwa kizibo kimoja kwa kila kishimo, na neno litoke pale kizibo kinapodondoka, si kabla. Kishimo humzuia mtoto kuhesabu kitu kimoja mara mbili, na ule mlio wa kudondoka humfundisha mdomo kungoja mkono. Vilipojaa nikazungusha kiganja juu ya vyote: "Tatu. Vizibo tatu." Tukarudia mara nne. Ya tano alizungusha kiganja mwenyewe.

Nalongo akaingia kwa bidii. Akagusa kizibo cha mwisho: "Kato, hii ni ngapi?" "Tatu." Akafurahi. Mimi nikasonya, Mungu anisamehe. Nikamuuliza Kato, "Nionyeshe tatu," akagusa kile kimoja cha mwisho. Alishadhani tatu ni jina la kizibo hicho, kama vile yeye anavyoitwa Kato. Kosa hili nimeliona darasani miaka nenda rudi, na chanzo chake karibu kila mara ni kidole cha mtu mzima. Dawa ni kugeuza trei, kuanza upande wa pili, ili kile cha mwisho sasa kiwe "moja", halafu kiganja kizungukie vyote tena.

Tukiwa hapo, bakuli nililoliacha chini lilikuwa limefikiwa na Kizza. Kizibo kilikuwa kati ya midomo yake, nusu ndani. Kwa kuwa nilikiona wazi nilikichomoa kwa vidole viwili, lakini moyo ulinienda mbio. Kosa langu, na kipimo nakijua: kinachopenya kwenye kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni hakikai karibu na mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kizibo cha soda hupenya bila kugusa pembeni. Bakuli likapanda juu ya kabati.

Kizza nikampa sufuria tatu zinazoingiana, na mifuniko yake. Mfuniko mkubwa kwenye sufuria ndogo, mdogo ukatumbukia kwenye kubwa. Akajaribu hivyo hivyo robo saa, na ukubwa ndio hesabu ya umri ule. Wingi nao anauona, ila tofauti iwe kubwa. Mwaka 2000 watafiti Fei Xu na Elizabeth Spelke walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hutofautisha nukta 8 na 16, lakini si 8 na 12.

Wasswa, kimya muda wote, tulikuwa tumemsahau. Nikaweka mandazi matano kwenye sahani, nikamwambia agawe yeye na mwenzake. Hakutamka namba hata moja. Moja kwake, moja kwa Kato, moja kwake, moja kwa Kato, akasimama akilitazama la tano. Kato akalinyakua. Wasswa akapiga yowe ambalo naamini lilisikika lango la kambi, na yowe lile lilikuwa sahihi kabisa kihesabu. Nikalikata la tano katikati. Akalinganisha vipande ubavu kwa ubavu kabla ya kukubali.

Mvua ilipokatika Nalongo alimfunga Kizza mgongoni, akainama mlangoni, akageuka. Nilingoja aseme "hesabu mpaka ishirini".

"Kato, leta ndala mbili."

Akaenda kwenye lundo, akaokota moja, akaangalia mkono, akaokota nyingine, akaja. Ilikuwa moja yake na moja ya Wasswa, zote za mguu wa kushoto.

"Mbili," akasema Nalongo, akamvisha hivyo hivyo.