Mama aliombwa kitambulisho mlangoni: tulivyopanga upya oda zetu

Nyumbani kwetu anayeagiza vitu ni mimi, anayevipokea ni mama. Mchana niko kazini, na yeye magoti hayamruhusu tena kuzunguka dukani na kikapu. Kwa hiyo jioni ananitajia kilichoisha, naingiza kwenye programu ya duka, nalipa, na kesho yake mtu wa delivari anabisha hodi. Mpango huu umetusaidia sana, na ndiyo sababu ulipokwama kwa ajili ya umri wa mama, mwanamke mwenye wajukuu, niliamua kulifuatilia jambo hili mpaka nilielewe.

Ilikuwa oda ya kawaida: vitu vya jikoni, vya usafi, na kisu kipya kwa kuwa kile cha zamani mpini wake ulishalegea. Kijana wa delivari alimwamkia mama vizuri, akaanza kushusha mifuko, kisha akasema, "Samahani mama, naomba kitambulisho. Humu kuna kitu kinachotaka uthibitisho wa umri." Mama alidhani anamtania. "Mwanangu, umri wangu huuoni?" Akajibu kwamba anauona, ila simu ya kazini haimruhusu kufunga oda mpaka aingize tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye kadi.

Kadi ya mama ilikuwa kabatini pamoja na nyaraka nyingine, na ufunguo wa kabati natembea nao mimi. Mama akanipigia simu. Nikataka kumsomea yule kijana tarehe ya mama hapo hapo kwenye simu, akakataa. Nikamwambia namtumia picha ya kadi. Akakataa pia, kwa upole, akisema lazima aione kadi yenyewe mkononi mwa mwenyewe. Mwishowe alitoa kisu kwenye mfuko, akaacha vingine vyote, akaenda nacho.

Mama aliumia, na si kwa sababu ya kisu. Aliona ametiliwa shaka mlangoni kwake mwenyewe, jirani akisikia. Akaniambia hapokei tena oda yoyote. Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko kisu, maana asipopokea yeye hakuna wa kupokea.

Jioni ile ile niliwapigia huduma kwa wateja. Dada aliyepokea simu alinieleza kitu ambacho natamani kila mtu angeelezwa kabla ya kulipa: kuna maduka yanayokagua umri kwa macho, na kuna maduka yanayokagua kwa mfumo. Kwa macho maana yake mfanyakazi anakutazama, na akiona unaonekana kijana ndipo anaomba kitambulisho. Uskoti, kwa mfano, tangu Oktoba 2011 muuza pombe yeyote mwenye leseni analazimika kuwa na utaratibu wa kumwomba uthibitisho kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25, ingawa umri wa kununua ni 18. Ile miaka saba ya katikati ni ya kumlinda muuzaji, kwa kuwa binadamu hatujui kukisia umri kwa sura. Maduka mengi ya Uingereza nayo yanafuata utaratibu huo wa 25.

Kwa mfumo ni jambo jingine. Kitu kikishawekwa alama ya umri kwenye kompyuta ya duka, mfikishaji haulizwi anaonaje. Simu inamwonyesha sehemu ya kujaza tarehe au ya kuskani kadi, na bila hiyo oda haifungiki. Mwenye miaka 19 na mwenye miaka 80 wanapita mlango mmoja. Duka letu ni la aina hii. Nilipomweleza mama kwamba kijana yule hakuwa na nafasi ya kumwamini wala kutomwamini, nilimwona ameanza kulegea.

Lililomlegeza zaidi ni habari ya adhabu. Nchi nyingi hutuma vijana walio chini ya umri, kwa usimamizi wa maofisa, wajaribu kununua au kupokea vitu vilivyozuiwa, waone kama watakaguliwa. Muuzaji akipitisha bila kukagua, faini au kesi inaweza kumfika yeye mwenyewe, si mwajiri wake peke yake. Mama amelea watoto wanaotafuta riziki. Aliposikia kwamba kijana yule angeweza kupoteza kazi kwa kumwonea haya mzee, alinyamaza, kisha akasema angempa maji ya kunywa kama angejua.

Sasa nirudi kwenye kisu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi tunapokwama. Tunafikiri ukaguzi wa umri ni habari ya pombe na sigara, na familia isiyotumia vitu hivyo inaona haihusiki. Sisi hatutumii. Lakini orodha ya vitu vyenye alama ya umri ni ndefu kuliko unavyodhani, na inatofautiana nchi na nchi, hata duka na duka. Uingereza ina sheria ya mwaka 2019 kuhusu silaha hatari, na tangu 2022 mtu akinunua mtandaoni kitu chenye makali kinachoweza kujeruhi vibaya, kikapelekwa nyumbani, lazima kikabidhiwe kwa mtu mwenye miaka 18 au zaidi. Kisu cha kukatia nyama kinaingia humo. Huko huko, gesi ya kujazia kiberiti haiuzwi kwa aliye chini ya 18. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, dawa za kikohozi zenye dextromethorphan, kiambato cha kutuliza kikohozi, haziuzwi kwa walio chini ya miaka 18; California ilianza mwaka 2012. Kuna maduka yanayoweka alama hata kwenye bia isiyo na kilevi, si kwa kulazimishwa na sheria bali kwa uamuzi wao. Ukiagiza kimoja tu kati ya vitu hivi pamoja na mahitaji ya wiki nzima, oda yote inakuwa ya kukaguliwa.

Umri wenyewe nao haufanani. Pombe nchini Kenya ni 18. Marekani ni 21, baada ya sheria ya mwaka 1984 iliyotishia kuyapunguzia fedha za barabara majimbo yatakayoruhusu chini ya hapo. Ujerumani wanaruhusu bia na mvinyo kwa miaka 16, vikali mpaka 18. Japani walishusha umri wa utu uzima hadi 18 mwaka 2022 lakini pombe wakaiacha kwenye 20. Nayataja haya kwa ajili ya wanaohama, na kwa wanaoagizia wazazi wao wakiwa nchi nyingine: unachokijua kwenu kinaweza kuwa si sheria ya pale mzigo unapofikia.

Basi nilifanya nini? Kwanza nilizigawa oda. Vitu visivyo na alama ya umri vinakuja mchana na mama anavipokea bila swali. Vyenye alama naviweka kwenye oda ya peke yake, siku ninayokuwa nyumbani. Ubaya wake ni gharama ya pili ya kuleta, na kama duka lina kiwango cha chini cha oda inabidi nisubiri mpaka vikusanyike. Kwa hiyo vingine nimeacha kuviagiza kabisa. Nikipita dukani nanunua mwenyewe.

Kuvitambua ni kazi kidogo. Kwenye programu tunayotumia alama ya umri haionekani kwenye picha ya bidhaa. Inabidi ufungue maelezo yake na kusoma mpaka chini. Kabla ya kulipa napitia kikapu kitu kimoja kimoja. Nikiwa na shaka, nakitoa.

Pili ni kadi ya mama. Kadi ya mtu mzima mwenye akili zake haikupaswa kukaa chini ya ufunguo wangu, hata kama nia ilikuwa isipotee. Tumenunua kipochi kidogo chenye kamba, mama amekitundika mahali anapopajua yeye, mbali na macho ya wapitao, lakini hana haja ya kupanda ngazi wala kuinama kukifikia. Tuliangalia pia tarehe ya mwisho ya kadi, kwa sababu maduka mengi hayapokei kitambulisho kilichokwisha muda, japo umri wa mtu haurudi nyuma. Kwa kawaida wanakubali pasipoti, leseni ya udereva na kitambulisho cha taifa, na wanataka halisi. Nakala ya fotokopi hawaitaki, picha kwenye simu hawaitaki.

Hapa kuna jambo la wazee wetu ambalo waliotengeneza programu hizi hawakulifikiria. Wengi walizaliwa nyumbani, hakuna aliyeandikisha, na kwenye nyaraka zao kuna mwaka tu, au wameandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu karani alihitaji kujaza kitu. Simu ya mfikishaji inataka siku, mwezi na mwaka. Kadi yenye mwaka pekee inaweza kukataliwa na mashine hata kama mwaka huo unatosha mara tatu. Ya mama ina 1 Januari, kwa hiyo inapita. Mwenye mzee ambaye kadi yake ina mwaka tu, ni afadhali alimalize hilo na duka mapema kwa simu kuliko kumwachia mzee akabishane mlangoni.

La tatu lilinichukua muda zaidi, nalo ni faragha. Baada ya mama kukubali kupokea tena, mfikishaji mwingine alikuja akaiona kadi, kisha akataka kuipiga picha kwa simu yake mwenyewe. Mama alikataa. Alimwambia, "Kuiona umeiona, mwanangu, picha ya nini?" Nilimpongeza sana. Kadi ya taifa ina namba, sahihi, mahali ulipozaliwa, vyote ambavyo tapeli angevifurahia, na anayekagua umri anahitaji kitu kimoja tu: kujua umefikisha au hujafikisha. Niliwaandikia duka kuuliza utaratibu wao. Walijibu kwamba mfikishaji anatakiwa kusoma tarehe na kuiingiza kwenye programu ya kazi, na haruhusiwi kuhifadhi picha. Jibu hilo nimelichapisha, tumelibandika ndani ya mlango.

Ukitaka kuwauliza wako, huna haja ya kuona haya. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 2018, sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi zote zina msingi huo huo: asiyehitaji taarifa fulani asiikusanye. Waulize wanachukua nini, kinakaa wapi, kinafutwa lini.

Kuna teknolojia inayoweza kulimaliza hili vizuri. Mwaka 2021 kilitoka kiwango cha kimataifa cha leseni za udereva za kwenye simu, ISO 18013-5, na ndani yake mtu anaweza kumwonyesha mkaguzi jibu la "amefikisha 18" bila kuonyesha jina, anwani wala siku aliyozaliwa. Ningependa mama awe na kitu kama hicho. Lakini ningependa zaidi kisiwe njia pekee, maana simu janja si za wote. Wala kadi si za wote: Benki ya Dunia, kwa takwimu za 2021, ilikadiria kwamba watu wapatao milioni 850 duniani hawana kitambulisho rasmi. Ukiwa mmoja wao na mahitaji yako yanaletwa mlangoni, hakuna wa kukutetea hapo isipokuwa mtu mzima mwingine mwenye kadi.

Kwa hali hiyo sisi tuna jirani. Duka letu halijali nani alilipa. Linajali kwamba anayepokea ni mtu mzima aliyepo kwenye anwani ile. Tumekubaliana naye kwamba kitu chenye alama kikifika bila kutarajiwa, mama atamwita naye atasimama na kadi yake. Maduka mengine, hasa kwa dawa, yanamtaka aliyeagiza mwenyewe, kwa hiyo hili nalo ni la kuuliza kabla.

Mpwa wangu anayeishi nasi ana miaka 17. Ni mrefu, ana ndevu, na mfikishaji wa haraka haraka angeweza kumkabidhi chochote. Nimemwambia wazi kwamba akipokea oda na akaulizwa umri, aseme ukweli, kitu kirudi. Hatapata shida kwangu kwa kitu kilichorudishwa. Fedha yake inarejeshwa. Ya kile kisu ilirudi baada ya siku chache bila mimi kudai, ila gharama ya kuleta haikurudi.

Nimewaandikia duka ombi moja zaidi: kitu chenye alama kikiingia kikapuni, programu itoe taarifa kabla ya kulipa, iseme nani anaweza kupokea na kadi zipi zinakubaliwa. Wamesema wamelipeleka kwa wahusika. Nitawaandikia tena mwisho wa mwezi, na mama amesema safari hii tuweke jina lake.