Chenga Inapaswa Kuvunjika Wapi

Leo nimeshinda Nala, hapa Dodoma, kwa jamaa wanaotengeneza mkaa mbadala, na kilichonikaa kichwani si mkaa bali maji. Vumbi la mkaa linapochanganywa na uji wa muhogo, maji yakipungua kipande hubomoka kingali mdomoni mwa mashine, na yakizidi mchanganyiko wote hugeuka tope. Fundi hatumii mizani: hufumbata konzi moja, hukunjua mkono, kisha hulibonyeza bonge kwa kidole gumba, na likikatika vipande viwili bila kumwagika ndipo huwasha mota.

Viwanda vikubwa navyo huhangaika na jambo hilohilo. Chembe laini zikilowa kidogo, maji yaliyo kati yake huzivuta pamoja kwa mvutano wa uso wake, na yakishakauka hubaki kiungio kigumu kinachozishikilia. Mbolea hufanywa chenga, yaani punje ndogo ngumu, hivyo, katika sahani pana iliyoinama na kuzunguka huku ikinyunyiziwa maji, ambamo chenga zilizokua hupanda juu ya ndogo na kumwagika zenyewe ukingoni. Sijaona chekeche lenye akili kuliko hilo.

Ila ugumu peke yake si sifa. Tonge la madini ya chuma huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,250 hadi 1,350 za Selsiasi, kwa kuwa litabebeshwa uzito mkubwa ndani ya tanuri. Kidonge cha dawa, ambacho unga wake mara nyingi hufanywa chenga kwanza ili ujaze kalibu sawasawa, kinatakiwa kisambaratike tumboni. Mbolea ya fosfati ya Minjingu, ambayo ni mwamba uliosagwa, ndiyo yenye mtihani zaidi: ikiwa unga, upepo wetu huu wa Dodoma huipeperusha kabla haijagusa shimo la kupandia, lakini mwamba huo huyeyuka vizuri unapokuwa laini na kugusana na udongo kila upande, hivyo chenga yake inapaswa kustahimili gunia na safari, kisha iachie mara tu inapopata unyevu shambani.

Fundi ananiambia kwamba wapo wateja wanaomtaka aongeze udongo wa mfinyanzi ili mkaa uwe mgumu zaidi. Hukubali kwa shingo upande, maana udongo hauungui, na wote alioutia utabaki jikoni kwa mteja kama majivu.