Mjomba na Jiwe la Drachenfels

Mwaka 2014 mjomba alikuja Bonn, Ujerumani, kunitembelea. Ni fundi mwashi wa Lamu, wa matumbawe na chokaa, na kila jengo nililomwonyesha alilipapasa kwanza ndipo akalitazama. Jumamosi moja ya Mei nikaona nimpeleke mlima wa Drachenfels. Tukapanda tramu namba 66 hadi Königswinter, ng'ambo ya mto Rhine.

Wenyeji huutania mlima ule. Una mita 321 tu, na hata miongoni mwa vilima vya Siebengebirge umepitwa: Großer Ölberg una mita 460. Na kwa jinsi watalii wa Kiholanzi wanavyofurika pale, husemwa kuwa ndio mlima mrefu kuliko yote ya Uholanzi. Lakini sisi tumezaliwa kisiwani, mlima wetu ni vichuguu vya mchanga wa Shela. Mjomba alisimama kituoni, akainua shingo, akauliza, "Huo ndio mnaouita mdogo?"

Magoti yake hayakuwa ya kupanda, basi tukakata tiketi za treni ya meno. Katikati ya njia mna reli ya tatu yenye meno, na gurudumu lililo chini ya behewa huing'ata ili treni isirudi nyuma. Inapanda hivyo tangu 1883, kilomita moja na nusu, ikipita mashamba ya mizabibu na kasri la Drachenburg lililojengwa na tajiri mmoja kwa madaha yake. Sikumwambia habari za Septemba 1958, treni ya mvuke ilipoacha njia ikiteremka na watu 17 wakafa. Nilimwambia jioni tukiwa mezani. Alininunia mpaka chai ikapoa.

Kileleni kulijaa. Wazee wenye fimbo za kutembelea, vijana walioegesha baiskeli, watoto wenye aiskrimu, na wengine ndani ya mkahawa wa vioo wakinywa mvinyo wa shamba la pale chini, unaoitwa damu ya joka kwa sababu ya hadithi ya Siegfried aliyemuua joka mlimani humo. Nilipomweleza mjomba akacheka: "Damu haramu, mvinyo haramu, na wao wamevitia chupa moja!" Nikamwonyesha matishari ya mizigo mtoni, kisiwa cha Nonnenwerth, na kule mbali mji wa Köln. Alitazama kwa adabu, kisha akaupa mto mgongo akaenda zake kwenye mwamba ulio chini ya magofu ya ngome.

Akalowesha kidole kwa ulimi, akasugua jiwe. Rangi ya majivu ikakoza, na ndani yake vikajitokeza vipande bapa vyeupe, vikubwa kama kucha za gumba, vimelala huku na huku. Akakichokoa kimoja kwa ufunguo wangu wa nyumba.

"Hiki na jiwe lenyewe havikukubaliana," akasema.

Nilikuwa nimesoma kidogo. Jiwe hilo huitwa trakiti, na vile vipande ni fuwele za madini yaitwayo sanidini. Miaka milioni 25 hivi iliyopita magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipanda kutoka chini, ikakwama ndani ya tabaka la majivu ya volkano, ikapoa humo humo bila kutoka nje. Majivu yakaja kuoshwa na mvua, kikabaki kiini kigumu, nacho ndicho mlima. Warumi walikata mawe hapo. Baadaye wakaja wajenzi wa kanisa kuu la Köln, lililoanzwa 1248, wakapakia mawe kwenye majahazi na kuyateremsha kwa mkondo wa Rhine. Machimbo yalisogea hadi kwenye misingi ya ngome, sehemu yake ikaporomoka, na mwaka 1836 serikali ya Prussia ikaununua mwamba ili tindo zikome. Kumbe raha zote zile za Jumamosi zipo kwa sababu kuna mtu alizuia mlima usiliwe ukaisha.

Mjomba alisikiliza yote, akauliza moja tu: "Na huko Köln, mvua inanyesha sana?"

Tuliporudi chini tukawakuta punda. Tangu karne ya 19 walikuwa wakipandisha watalii mlimani, siku zile watoto zaidi. Yule aliyekuwa mbele alikuwa amenona, tandiko safi, kwato zimechongwa vizuri. Mjomba, ambaye maisha yake yote ameona punda wakibeba matumbawe kwa shogi, alimkagua meno, huku mwenye punda akimtazama kwa wasiwasi, akauliza nauli. Nilipoigeuza kwa shilingi ya Kenya akasema huyo punda analipwa kuliko vibarua wake.

Jumamosi iliyofuata hakutaka pengine ila Köln. Alizunguka kanisa zima kwa nje hadi akaiona rangi ile ya majivu katika sehemu za kale, akapitisha kiganja. Ukuta ulikuwa umejaa mashimo madogo bapa: fuwele zilikwisha kudondoka.

"Aliyechagua jiwe hili," akasema, "alifuata njia ya chombo. Mvua hakuifikiria."

Juu yetu palikuwa na jukwaa la mafundi. Kanisa lile lina karakana yake, na ukarabati hauishi. Mjomba akataka kujua fundi wa pale analipwaje kwa siku. Nikasema sijui. Akanivuta mkono kuelekea kwenye uzio, nikamtafsirie.