Masizi yamenitoa jasho leo

Jamani nina oili chafu ya injini ya dizeli, nataka kujua ina masizi kiasi gani. Naiweka kwenye mashine ya kupitisha mwanga, wapi, nyeusi tii! Ikabidi niizimue kwa kiyeyusho mara 100 ndo mashine ikaanza kusoma namba ya mwanga unaozuiwa na masizi.

Nikaenda kupokea simu, narudi napima kichupa kilekile namba imeshuka. Nikajua mashine imekufa, kumbe masizi yameshikana yakazama chini, huku juu mwanga unajipitia tu. Nikatikisa, namba ikapanda tena.

Kile kidoa cheusi chini ya kichupa, kama mbegu ya ufuta iliyoungua, nimekiangalia dakika nzima nacheka peke yangu.

Vidole bado vyeusi, sabuni imegoma 😅

Nyie mnaopima hivi vitu mnatikisa kwa mkono au mnatumia mawimbi ya sauti kuyatawanya masizi?