Siku moja maishani mwangu: seva moja, kompyuta za prosesa tofauti, Ngamiani, Tanga

Saa mbili asubuhi nilifungua maabara ya kompyuta ya sekondari moja hapa Ngamiani, pamoja na madirisha yake yote, kwa kuwa joto la Tanga haliwasubiri watu. Mezani palikuwa na kompyuta kongwe zenye prosesa za biti 32, nyingine za biti 64, na vibao vya Raspberry Pi 3 B+, yaani kompyuta ndogo za kibao kimoja, vyenye prosesa za ARM, ambazo maagizo yake ni tofauti na ya hizo nyingine. Zote hazina diski. Zitawaka kupitia mtandao kutoka kwenye seva, kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, yenye mfumo endeshi wa Debian 12, toleo ambalo bado lina kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 32, kwa kutumia LTSP, mradi wa programu za kuwashia kompyuta zisizo na diski, ulioanzishwa mwaka 1999.

Saa tatu niliweka dnsmasq, programu ya kujibu maombi ya mashine kwenye mtandao. Ruta ya shule iliendelea kugawa anwani za mtandao, na dnsmasq ikawa inazielekeza mashine tu mahali lilipo faili la kuwashia.

Kuanzia saa nne nilitengeneza mifumo endeshi mitatu: wa biti 32, wa biti 64 na wa ARM. Prosesa ya biti 64 huweza kuendesha mfumo wa biti 32, hivyo mifumo miwili ingetosha, lakini naona si haki kuibana mashine yenye uwezo zaidi. Mfumo wa biti 32 ulijengeka upesi kwa sababu seva yenyewe huyaelewa maagizo yake, ilhali ule wa ARM ulilazimika kupitia qemu, programu inayotafsiri kila agizo, ukaendelea hadi adhuhuri ilipoadhiniwa.

Baada ya swala na chakula ilibaki kazi ninayoipenda kuliko zote, yaani kuitambua kila mashine inapowaka. Katika ombi lake la anwani, kompyuta hujitaja kwa kipengele namba 93: 0 ni ya BIOS, programu ya zamani ya kuwashia kompyuta, 7 ni ya UEFI, ile mpya, ya biti 64. Hata hivyo, namba hiyo hueleza programu ya kuwashia, wala si prosesa, kwa hiyo kompyuta mbili za BIOS hujibu 0 hata kama moja ni ya biti 32 na nyingine ya biti 64. Ndiyo maana niliandika katika iPXE, programu ya kuwashia kupitia mtandao, amri ya «cpuid --ext 29», inayoiuliza prosesa yenyewe kama inaweza biti 64, kisha kila moja ikapewa kerneli yake. Raspberry Pi ina njia yake: husubiri maneno «Raspberry Pi Boot» katika jibu, ndipo iombe faili la bootcode.bin.

Saa kumi wanafunzi waliingia. Kwenye kompyuta kongwe, LibreOffice, programu ya kuandikia, huendeshwa na seva kupitia xrdp, programu ya kutumia kompyuta kutoka mbali: mibonyezo ya kibodi huenda, picha ya skrini hurudi. Msichana mmoja aliandika barua kwenye kompyuta ya biti 32, akaihifadhi, akahamia kwenye Raspberry Pi na kuingia kwa jina lilelile.

«Fundi, barua yangu ipo na huku!» alisema.

Nilimwonyesha mwalimu wake folda ya mafaili ya wanafunzi, ambayo hukaa kwenye seva, tukainakili kwenye diski ya nje kabla ya kufunga.